Ratiba ya Mboni Mbele ya Halmashauri

Mboni Salehe alimwambia mtu mmoja tu kwamba ameitwa kufanya mtihani wa kuajiriwa benki, naye ni bibi yake, Bibi Mwanahalima, na akamwomba sana asimwambie mtu. Bibi alitimiza ahadi kwa namna yake. Hakumwambia mtu. Alikwenda kisimani asubuhi akawaambia wote kwa pamoja.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na saba. Chama kilikuwa kimebadilisha jina majuzi tu, na Mzee Mwinjuma, Mwenyekiti wa kijiji cha Mbwezi, alikuwa bado anaanza hotuba zake kwa jina la zamani, anakatiza, anakohoa, kisha anaanza upya. Mbwezi ni kijiji kidogo upande wa Mzenga, wilaya ya Kisarawe. Wakati wa operesheni ya vijiji watu walitolewa kwenye mashamba yao wakapangwa hapo mistari miwili, nyumba zinatazamana, hata mtu akipiga chafya huku, wa ng'ambo wanamwombea afya. Mahali kama hapo mtu hasomi mtihani kwa faragha.

Mboni alikuwa amemaliza kidato cha nne, na tangu hapo alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima huku akisubiri kazi. Mtihani ungefanyika Kibaha baada ya mavuno ya mpunga. Alisikia kwamba walioomba ni mamia na wanaotakiwa ni wachache mno. Akakaa chini akatengeneza ratiba. Asubuhi, akitoka shamba, hesabu. Mchana, mapumziko. Alasiri, Kiingereza. Jioni kabla ya magharibi, maarifa ya jumla. Akaiandika kwa wino wa rangi mbili, akaibandika nyuma ya mlango kwa uji wa muhogo, akasimama kuitazama mpaka akaona kama amekwisha faulu nusu.

Siku mbili baadaye karatasi haikuwapo mlangoni.

"Bibi, ratiba yangu iko wapi?"

"Kaja Katibu kaichukua," alisema Bibi Mwanahalima, anapepeta mchele. "Kasema inatakiwa kwenye Halmashauri."

Katibu wa kijiji alikuwa Ndugu Evodius, mtu wa Bukoba aliyeletwa na serikali. Alivaa suti ya Kaunda hata siku ya kuchimba choo, na aliupenda utaratibu kama watu wengine wanavyopenda pilau. Halmashauri ilipokutana darasani jioni ile, aliisoma ratiba ya Mboni kifungu kwa kifungu, kama bajeti ya nchi.

Mzee Mwinjuma ndiye aliyefungua mjadala. "Marehemu Salehe ametuachia huyu binti, lakini mtoto si wa nyumba moja, ni wa kijiji. Tuna mpango wa mihogo. Tuna mpango wa korosho. Mboni naye aingie kwenye mpango. Akishindwa, tumeshindwa sisi."

"Kifungu cha pili," alisoma Evodius. "Mchana, mapumziko."

Mwenyekiti akainua kidole. "Nani anapumzika mchana katika nchi inayojenga ujamaa?"

Wajumbe wakatazamana. Wengi wao walikuwa wameamshwa kuja mkutanoni. Mapumziko yakafutwa kwa kauli moja.

"Huyo ni mtu, si trekta!" ilisikika sauti ya Bibi Mwanahalima dirishani. Hakuwa mjumbe, lakini dirisha halikuwa na kioo. "Na trekta lenu lenyewe limepumzika tangu mwaka juzi!"

Mapumziko yakarudishwa, kwa kauli moja.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa kwenye hesabu, pale Evodius aliposoma "riba". Mzee mmoja akauliza kama ni riba ile ile iliyoharamishwa. Evodius, ambaye alikuwa Mkristo na hakutaka kuonekana anaingilia, akasema ni suala la kitaalamu. Mabishano yakawa marefu. Mwisho ikaamuliwa kwamba Mboni aisome kwa kuwa mtihani unaitaka, ila kijijini Mbwezi itajwe kwa jina la "nyongeza". Halafu likapitishwa azimio kubwa la siku ile: kila mwanakijiji, mwanamume na mwanamke, popote atakapokutana na Mboni, amuulize swali moja, ili mtihani ukija umkute keshazoea.

Mboni akapewa nafasi ya kusema.

"Nawashukuru wazee wangu," alisema, "lakini..."

Evodius akaandika kwamba mhusika ameshukuru, akafunga kikao.

Kuanzia kesho yake Mboni hakupata tena kutembea. Alipita chini ya mnazi, mkwezi akamwita kutoka juu: "Kumi na saba mara sita!"

"Mia moja na mbili."

"Si kweli!"

"Ni kweli, kaka."

"Ngoja nishuke tuhesabu." Akashuka kweli, wakahesabu kwa nazi, na nazi hazikutosha, ikabidi waazime kwa jirani. Hapo ndipo Mboni alipogundua tatizo la lile azimio: wauliza maswali walikuwa wengi, lakini wenye majibu hawakuwapo. Kila jibu lilizaa mabishano, na mabishano yalimtaka yeye awe mwamuzi. Kisimani aliulizwa mji mkuu wa Mongolia na mama aliyetumwa swali hilo na mumewe. Alipolijibu, yule mama akamwomba alirudie taratibu ili asilisahau njiani.

Kilichomwaibisha zaidi kilitokea msibani. Alifariki mzee mmoja wa mtaa wa chini, na siku ya tatu Mboni alikuwa amekaa jamvini na wanawake wenzake, kichwa ameinamisha, kisomo cha Kurani kinaendelea. Mama mmoja akamsogelea sikioni.

"Asilimia tano ya mia nane?"

"Mama, tuko msibani."

"Azimio halikutaja msiba. Nijibu."

Mboni akaona njia fupi ni kujibu. Kwa bahati mbaya kisomo kilinyamaza papo hapo, na sauti yake ikasikika jamvi zima: "Arobaini!"

Mjane akainua uso uliolowa machozi. "Arobaini ya nini, mwanangu? Leo si ndiyo kwanza tunafanya tatu?"

Alasiri zilikuwa zake Evodius. Aliamua mwenyewe kusimamia Kiingereza na maarifa ya jumla, akakataza mtu kusema Kiswahili uani kwa Bibi Mwanahalima wakati wa somo. Bibi akajifunza neno moja tu, "noo", akaona linamtosha. Aliyeomba chumvi alijibiwa noo, aliyepiga hodi alijibiwa noo, na Evodius mwenyewe alipoomba maji alijibiwa hivyo hivyo. Lakini hakukata tamaa. Alikuja kila siku, akauliza, na kila alichojibu Mboni alikiandika. Mboni alipomuuliza anaandika nini, alisema ni kumbukumbu za kikao.

Wiki zikapita hivyo. Mboni alijua akilala na akiamka kwamba hasongi mbele. Kanuni za ile nyongeza alizikariri zote, lakini swali likigeuzwa kidogo tu, kichwa kinakuwa cheupe.

Ndipo redio ikatangaza kwamba mtihani umerudishwa nyuma. Hautangoja mavuno. Utafanyika mwisho wa mwezi ule ule, na mwezi wenyewe ulikuwa umeshafika katikati.

Mzee Mwinjuma aliitisha kikao cha dharura cha kurekebisha ratiba. Walianza asubuhi. Hadi adhuhuri walikuwa bado wanabishana kama maarifa ya jumla yapunguzwe au yaunganishwe na palizi ya mihogo, na Mboni, mwenye mtihani, amekaa mbele yao mikono mapajani, siku yake inayeyuka. Aliposikia mjumbe anapendekeza waende kula kisha warudi waendelee mpaka jioni, kitu kikamkatika moyoni. Akasimama bila kupewa nafasi.

"Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba," walijibu, wameshtuka.

"Mimi nina rekebisho moja tu. Azimio limenisaidia sana, na mimi ni mwana wa kijiji, si vizuri kusaidiwa bila kusaidia. Kuanzia kesho, kila nitakayekutana naye, mimi ndiye nitamuuliza swali. Atakayeshindwa, nitaomba Ndugu Katibu asome jina lake kwenye mkutano mkuu, ili tumsaidie pamoja."

Mwenyekiti akatazama juu kwenye boriti. Hakuna aliyeweza kulipinga, maana lingepingwa vipi mbele ya watu? Likapita. Lilikuwa azimio la kwanza Mbwezi kupita bila mtu kusema neno.

Kesho yake Mboni alitoka na kibao chake kidogo cha kukalia, akashika njia ya kisimani. Njia ilikuwa nyeupe. Wanawake walikuwa wameshateka maji alfajiri. Mkwezi alipomwona kwa mbali alipanda mnazi ambao tayari alikwishauangua. Mzee Mwinjuma alikutana naye ana kwa ana kwenye kona ya shule, hana pa kukimbilia, akainama kufunga kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti. Asilimia kumi ya..."

"Marahaba, marahaba, nina mgeni kutoka wilayani," alisema Mwenyekiti, akaondoka hali bado ameinama.

Mboni alikaa nyuma ya nyumba yao, akafungua vitabu, na kwa mara ya kwanza tangu lile azimio la maswali alisikia majani ya migomba yakigusana. Akasoma mpaka njaa ikamuuma.

Mtu mmoja tu hakumkwepa. Alikuwa Bi Sikudhani, mke wa Mwenyekiti, mwanafunzi wake wa kisomo aliyekuwa ndio kwanza anaunganisha silabi. Alikuja siku ya pili yake, akakaa kwenye mkeka na ungo wa kunde za kuchambua.

"Niulize," alisema.

"Bi Sikudhani, nilikuwa natania tu."

"Mimi sikutanii. Mume wangu halali, anaota asilimia. Nataka nijue ni mdudu gani huyo."

Mboni akamtajia kanuni ya nyongeza ile inayojilimbikiza, kama ilivyo kitabuni, neno kwa neno. Bi Sikudhani akasikiliza, akatupa kunde mbovu.

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini mwaka wa pili inakuwa kubwa kuliko mwaka wa kwanza, na mtu hakuongeza kitu?"

Mboni akairudia kanuni. Bi Sikudhani akarudia "kwa nini" yake, hana haraka. Mboni alikuwa ameitaja kanuni ile mara ngapi, akaandika, akamjibu nayo Evodius, na kumbe hajui kwa nini.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

Akatembea uani jioni nzima, akiwazungukia kuku wa bibi yake, na alikuwa anawazunguka tu, hawaoni, mpaka alipomkanyaga kifaranga mmoja mguu, na mtetea mwenye kifaranga akamrukia. Kesho yake alimngoja Bi Sikudhani mlangoni.

"Nikikupa mtetea ukae naye, akataga, akaangua, vifaranga ni nyongeza. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mwaka wa pili anayetaga ni yule mtetea peke yake?"

Bi Sikudhani akaacha kuchambua. "Na wale mitetea wadogo nao wanataga!"

"Basi ndiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo tu?" Bi Sikudhani alicheka mpaka ungo ukamporomoka. "Na mtu analala analia usiku kwa habari ya kuku?"

Basi Mboni akaibadilisha ratiba yake yote. Hakukariri tena. Asubuhi alisoma, alasiri alimweleza Bi Sikudhani alichosoma, na pale Bi Sikudhani aliposema "kwa nini" mara mbili, hapo alirudi kitabuni. Zile wiki mbili zilimpa zaidi ya miezi yote iliyotangulia. Evodius naye alikuja siku kadhaa, akasimama pembeni na kalamu yake, akasema kijiji lazima kiwe na kumbukumbu.

Siku ya mtihani kijiji kilitoa ujumbe wa kumsindikiza: Mwenyekiti, Katibu, na Bibi Mwanahalima ambaye hakuna aliyemteua. Walipanda lori la mkaa hadi Mlandizi. Mzee Mwinjuma alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na walipoteremka ilikuwa bado kanzu, ila si nyeupe. Kutoka hapo wakachukua basi hadi Kibaha, na watu wa kwenye basi waliwapisha viti kwa heshima, wakidhani wametoka kwenye ajali ya moto.

Nje ya ukumbi palijaa vijana waliovaa vizuri, wanatajiana kanuni. Mboni akamuaga bibi yake, akampa mkono Mwenyekiti, akamtafuta Katibu amuage naye. Hakumwona. Akaingia ndani, akatafuta namba yake, akakaa. Alipoinua macho aliona, kiti cha pili mbele yake, shingo iliyochafuka mkaa juu ya kola ya suti ya Kaunda.

"Ndugu Katibu?"

Evodius aligeuka polepole kama mtu aliyeitwa na askari.

"Nimekusindikiza," alinong'ona.

"Mpaka ndani?"

"Kijiji kilisema nikusindikize mpaka mwisho."

Mezani pake palikuwa na kalamu tatu na kadi yenye namba ya mtihani. Msimamizi, mama mwenye miwani aliyetoka Dar es Salaam, akawakaribia. "Nyinyi wawili mnafahamiana?" Mboni akasema wanatoka kijiji kimoja. Evodius akahamishwa kona ya mwisho, na alikwenda na kalamu zake zote, kichwa chini.

Mboni angependa kukasirika, lakini karatasi ziligawiwa. Swali la riba lilikuwapo, limepindwa kwa namna ambayo hajawahi kuiona. Akaliangalia, akajiuliza kwa nini, kwa sauti ya Bi Sikudhani, na likafunguka. Akaandika mpaka kengele ikalia.

Walipotoka, Mwenyekiti alikuwa na wasiwasi. "Katibu, tumekutafuta kila mahali! Umetuacha na kapu la chakula!"

Evodius akazisukuma kalamu zake ndani ya mfuko. Mboni alimtazama mtu yule mzima, jasho linachora mistari katika mkaa usoni, na hasira yote ikamwishia.

"Alikuwa ndani, Mzee," alisema. "Palikuwa na kiti kitupu, wakahitaji mtu."

"Unaona!" alisema Mzee Mwinjuma, amefurahi kweli. "Kibaha nzima, wamemwona Katibu wetu ndiye anayefaa!"

Bibi Mwanahalima aliangalia vidole vya Evodius vilivyolowa wino. Alingoja mpaka wamekaa kwenye basi.

"Katibu," alisema, "ulikijaza vizuri hicho kiti?"

Pale Mlandizi, wakingoja lori, Evodius alimvuta Mboni pembeni. Alimwambia kwamba mkewe, Laurensia, yuko Bukoba na watoto. Kwamba ameomba uhamisho mara nyingi asijibiwe. Na kwamba alifikiri benki ina matawi kila mahali, pengine ingemrudisha nyumbani. Aliogopa kijiji kingesema kimesalitiwa.

"Mbona hukuniambia mimi?" aliuliza Mboni. "Tungesoma pamoja."

"Tulisoma pamoja," alisema Evodius. "Ila wewe ulikuwa hujui."

Mboni alicheka, na Evodius baada ya kusita akacheka naye, na Mzee Mwinjuma kwa mbali akacheka pia ingawa hakujua ni kwa sababu gani.

Majibu yalikuja wakati wa mpunga. Evodius aliyasoma mwenyewe mbele ya mkutano mkuu, kwa sauti ya kiserikali: Mboni Salehe amefaulu. Halafu akakunja karatasi. Jina lake halikuwamo, naye alijua tangu alipoifungua, na bado alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Watu walipiga vigelegele, mkwezi akatoa nazi bure, Bi Sikudhani akamkumbatia Mboni akamwinua juu.

Furaha ilipungua kidogo jina la kituo liliposomwa. Njombe.

"Njombe iko wilaya gani hapa Pwani?" aliuliza Bibi Mwanahalima.

"Haiko Pwani, Bibi. Iko mkoa wa Iringa. Kuna baridi."

Mzee Mwinjuma akasimama. Alipendekeza Halmashauri iirekebishe Njombe iwe Mlandizi, na wajumbe kadhaa wakainua mikono. Evodius akafumba macho, akayafumbua.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "hilo haliko ndani ya mamlaka yetu." Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo tangu afike Mbwezi.

Mwaka uliofuata Evodius aliujaribu tena mtihani wa benki, mara hii kwa uwazi, na alipata. Walimpeleka Biharamulo, ambako si nyumbani, lakini basi la asubuhi humfikisha kwao.

Mboni alikwenda Njombe na sweta aliloazima kwa muuguzi wa zahanati. Siku ya kwanza meneja alimpokea vizuri, akamwonyesha meza, akampa muhuri na rundo la karatasi. Kazi ilikuwa kugonga muhuri kwenye kona ya juu, upande wa kulia. Aligonga mpaka saa ya chakula. Alipomaliza rundo lile, akaletewa lingine. Hakuna aliyemwuliza asilimia ya kitu chochote, siku ile wala wiki ile. Mchana wa Ijumaa, mkono unamuuma na dole gumba limekuwa la zambarau, alianza kucheka peke yake pale mezani, akashindwa kujizuia. Mwenzake wa meza ya pili, binti wa Kibena, akageuka.

"Vipi, dada?"

"Nimefaulu mtihani," alisema Mboni, akavuta rundo jipya.